Hisabati chuoni kwa mkopo: vidokezo 11 vya kupiga hesabu kabla hujasaini

Mtoto wa kaka yangu alifika kwangu Morogoro akitokea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), nywele bado fupi na begi moja mgongoni. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, karibu ndani." Kabla hata hajanywa maji akatoa karatasi za maombi ya mkopo, zimekunjwa mara nne. Anataka kusoma shahada ya hisabati. Baba yake kamwambia hisabati ni kujitafutia deni bila kazi, na yeye hana jibu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilisoma kwa mkopo, nikakatwa mshahara kwa miaka, na deni nimelimaliza. Basi tukasogeza vikombe vya chai, tukafungua daftari la hesabu na kuanza kuandika. Nimeyapanga hapa tuliyoyaandika. Namba za mfano ni zetu. Wewe weka zako.

1. Liandike deni lote, usiishie kwenye ada

Wengi wanasaini bila kujua watakuja kudaiwa shilingi ngapi. Kichwani mwao mkopo ni ada. Sisi tuliandika hivi: ada shilingi 1,300,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu ni 3,900,000. Fedha za chakula na malazi, lile boom, shilingi 10,000 kwa siku. Tukakadiria siku 240 za masomo kwa mwaka, ikaja 2,400,000, na kwa miaka mitatu 7,200,000. Vitabu na viandikwa tukaweka 200,000 kwa mwaka, jumla 600,000. Hapo tumefika 11,700,000. Tukaongeza kidogo kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo, tukaifunga kwenye 12,000,000.

Kijana akakaa kimya akiangalia daftari. Asilimia 60 ya deni lake ni wali, maharage na chumba. Ada ni kama theluthi tu. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka ulione kwa macho yako, kwa sababu ada huwezi kuipunguza, lakini boom linapita mikononi mwako. Boom likiingia, simu mpya dukani inaonekana kama zawadi ya serikali. Utakuja kuilipia ukiwa na watoto wawili.

2. Yajue masharti kama unavyojua kanuni ya duara

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005. Zamani mwajiriwa alikatwa asilimia 8 ya mshahara. Marekebisho ya 2016 yakapandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ndivyo ilivyo. Ukijiajiri, unatakiwa kurejesha si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Muda wa neema ni miezi 24 tangu umalize masomo, ila ukipata ajira mapema jiandae kuyaona makato mapema.

Habari njema ni ya 2021: ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa. Waliosoma kabla ya hapo wanakumbuka uchungu wa kukatwa kila mwezi na salio linasogea kwa hatua za kinyonga. Wewe hutaupitia. Ukisikia mjomba anasimulia jinsi deni lake lilivyokuwa likiota, muulize ni la mwaka gani.

3. Isome slipi yako ya mshahara kabla hujaipata

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, na nakuomba ukae pia. Tuseme umeajiriwa serikalini kama mwalimu kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Usiseme "nitakuwa na laki nane." Chora mstari wa wima katikati ya ukurasa, kushoto andika jina la kato, kulia andika shilingi.

Mfuko wa pensheni, asilimia 5: 40,000. Zinabaki 760,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, yaani 48,000. Kodi yote 68,000. Bima ya afya asilimia 3: 24,000. Chama cha walimu asilimia 2: 16,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15: 120,000.

Jumla ya makato 268,000. Unabaki na 532,000.

Mkopo ndio kato kubwa kuliko yote kwenye slipi hiyo, unaizidi hata kodi karibu mara mbili. Kijana alipiga mstari chini ya 532,000 mara mbili, kisha akaniuliza chumba Morogoro kinapangishwa bei gani. Nilifurahi sana. Ndilo swali lenyewe.

4. Gawanya

12,000,000 gawanya kwa 120,000 ni miezi 100. Miaka minane na miezi minne. Mshahara wa msingi ukipanda hadi 1,000,000, kato linapanda hadi 150,000 na miezi inapungua. Kama ungeanza na mshahara huo tangu mwanzo, ni miezi 80. Ukimaliza chuo na miaka 24 na kazi ikapatikana upesi, utakuwa umefuta deni ukiwa na 32 au 33. Si kifungo cha maisha.

5. Ogopa kusubiri kuliko kudaiwa

Hiki ndicho kidokezo ningekuachia kama ningeruhusiwa kimoja tu.

Chukua ile 532,000 ya mkononi uizidishe kwa miezi 24 ya kukaa nyumbani bila ajira. Inakuja shilingi 12,768,000. Irudie mwenyewe kwa kalamu. Miaka miwili ya kusubiri kazi inakugharimu zaidi ya mkopo wote wa miaka mitatu, na hiyo hela hairudi, wakati deni bado liko palepale likikungoja.

Baba yake kijana alikuwa anapiga hesabu ya deni. Alipaswa kupiga hesabu ya kukaa mtaani bila kazi. Nina rafiki niliyehitimu naye, kichwa kuliko mimi, aliyekaa nyumbani kwa wazazi wake miaka mitatu akisubiri tangazo la ajira. Tulikopa kiasi kinachokaribiana. Leo tofauti yetu ya kimaisha haitokani hata kidogo na mkopo, inatokana na ile miaka mitatu. Kwa hiyo unapochagua kozi, swali la "nitadaiwa ngapi" liwe la pili. La kwanza liwe: kozi hii itanipunguzia miezi mingapi ya kukaa mtaani?

6. Linganisha na maisha bila shahada, kwa haki

Mtu wa kidato cha sita anayeuza kwenye duka la simu kwa 250,000 kwa mwezi atakuwa ameingiza 9,000,000 katika ile miaka mitatu unayosoma. Huo nao ni mzigo wako, ingawa hauandikwi kwenye fomu yoyote. Ukipata ile 532,000, umemzidi kwa 282,000 kwa mwezi, na itakuchukua miezi 32 kumfikia. Deni likiisha, pengo linakuwa 402,000. Kwa maneno mengine shahada inalipa, mradi kazi ipatikane. Ikichelewa miaka mitatu, muuza simu atakuwa mbele yako kwa miaka mingi, na huenda duka limekuwa lake.

7. "Hisabati" si kozi moja

Watu wanasema "anasoma hisabati" kama vile ni chumba kimoja. Ni nyumba yenye milango minne, na kila mlango unatokea barabara yake.

Mlango wa ualimu ndio wangu. Shahada ya sayansi na elimu, hisabati na fizikia ukiweza, ipo Mlimani, ipo Chang'ombe na Mkwawa, ipo Dodoma. Mshahara wa kuanzia si mkubwa, nimeshakuonyesha. Lakini nchi ina njaa na walimu hawa. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Hiyo ni aibu yetu wote, na mimi inaniuma kila Januari nikipokea darasa jipya, lakini kwako wewe mwenye kipaji ina maana mbili: nafasi za hisabati na fizikia hutangulizwa ajira zinapotangazwa, na wazazi wanatafuta mwalimu wa twisheni usiku na mchana. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifundisha watoto watano majumbani Jumamosi, na hela ile ndiyo iliyolipa kodi ya chumba. Jiandae tu kwa usaili. Siku hizi kupata ajira ya ualimu serikalini si suala la kungoja jina kwenye orodha.

Mlango wa takwimu ndio ninaowapendekezea wanaopenda mjini. Pale Changanyikeni, Dar es Salaam, kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanza 1961, na vyuo vikuu vingi navyo vinafundisha takwimu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mabenki, kampuni za simu, miradi ya utafiti wa afya, wote wanahitaji mtu anayejua kusafisha data na kueleza ilichosema. Wahitimu wengi huanza kwa vibarua vya miezi mitatu mitatu vya kukusanya na kuingiza data. Vikubali. Kibarua cha miezi mitatu kinakutoa mtaani, na ndicho kinachokuandikia wasifu wako wa kazi.

Mlango wa takwimu bima (actuarial science) una mshahara mnono na ngazi ndefu. Kozi ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Lakini shahada ni nusu tu ya safari: ili uitwe mtaalamu kamili lazima ufanye mitihani ya bodi za kitaaluma za Uingereza au Marekani, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka, na ada yake inalipwa kwa fedha za kigeni. Mkopo wa chuo haukulipii huko. Kabla hujaingia, uliza nani atakulipia mitihani: kampuni za bima nyingine humsaidia mfanyakazi wake, nyingine hazina habari.

Mlango wa nne ni hisabati tupu, aljebra na uchambuzi, bila elimu na bila bima. Ndio mzuri kuliko yote na nauheshimu. Lakini nitasema kweli: kama nyumbani hakuna mtu wa kukulisha mwaka au miwili baada ya kuhitimu, usiingie mlango huo mikono mitupu. Bila mafunzo ya ualimu hutapokelewa kama mwalimu serikalini mpaka uongeze stashahada ya uzamili ya elimu, na huo ni mwaka mwingine na ada nyingine. Ukiingia, chukua masomo ya hiari ya kuandika programu na takwimu tangu mwaka wa kwanza. Jifunze Python au R kwa kufanya kazi moja halisi, hata kama ni kuchora grafu ya bei za mahindi ya soko lenu mwezi kwa mwezi. Mwajiri hatakuuliza nadharia ya makundi. Atataka kuona kitu ulichotengeneza.

8. Tafuta hela isiyorudishwa

Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kuna Samia Skolashipu kwa waliofaulu vizuri zaidi kidato cha sita katika tahasusi za sayansi. Inagharamia masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi, tiba na hisabati, na si mkopo. Ukiwa chuoni lazima udumishe ufaulu wako. Kama una PCM (fizikia, kemia na hisabati) yenye alama za juu, usiombe mkopo kabla hujahakikisha hili.

Kwa waliofika mwisho wa shahada ya kwanza na bado wana kiu: Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003 na mwanafizikia Neil Turok, iliwahi kufungua kituo Bagamoyo mwaka 2014, na sasa ina kituo Kigali. Wanaochaguliwa kusoma uzamili hupewa ufadhili. Mtu wa hisabati tupu anaweza kuendelea na anachokipenda bila kuongeza hata shilingi kwenye deni.

9. Shika daftari lako la makato

Shule binafsi niliyoanzia kazi ilikuwa ikinikata kila mwezi. Kwenye slipi yangu namba zilikuwa safi kabisa. Siku moja nikaomba taarifa ya deni langu, nikailaza mezani kando ya slipi zangu, nikaanza kutia tiki kwa penseli. Februari tiki. Machi tiki. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, hakuna. Miezi saba hela ilitoka mfukoni kwangu na haikufika kokote. Nilipouliza, mhasibu aliangalia dirishani.

Ilirudishwa mwishowe, kwa sababu nilikuwa na slipi zote saba. Mwenzangu aliyekuwa amezitupa alihangaika mwaka mzima. Sheria inamtaka mwajiri awasilishe makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, na asipowasilisha adhabu ni yake, lakini anayepoteza usingizi ni wewe. Kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya deni, linganisha, tia tiki. Hifadhi slipi mpaka siku utakapopewa cheti cha kumaliza deni.

10. Deni la Bodi ni pole. Kausha damu ndiye muuaji

Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Kwenye mfano wetu theluthi ni kama 267,000. Sasa angalia: mkononi una 532,000. Afisa mikopo anayekuja shuleni na mkoba anaiona ile tofauti ya zaidi ya 260,000 kama nafasi ya kukukopesha, na atakupigia hesabu mpaka ufike ukingoni kabisa. Nimeona walimu wazuri wa hisabati, watu wanaofundisha riba ubaoni saa nne asubuhi, wakisaini saa sita mchana mkopo wa kausha damu ambao hawakuuliza riba yake ni kwa mwezi au kwa mwaka. Kadi ya benki wanaiacha kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi wanaazima nauli.

Miaka minane ya kukatwa na Bodi inavumilika kama ndiyo peke yake. Mwaka wako wa kwanza kazini usikope popote.

11. Usikimbilie kulimaliza, kama uko Tanzania

Hili linawashangaza wengi. Mkopo usio na riba unapungua wenyewe kimyakimya, kwa sababu bei zinapanda. Mfumuko wa bei nchini miaka ya karibuni umecheza kwenye asilimia 3 hadi 4 na kidogo. Tukichukua 3.5, zile 12,000,000 zinazorejeshwa kwa miezi 100 zina uzito wa kama 10,400,000 za siku unayoanza kulipa. Kwa hiyo ukipata milioni ya ziada, usiipeleke Bodi kwa fahari. Hati fungani za serikali unaweza kuzinunua kuanzia shilingi 1,000,000, nazo zinakulipa riba. Mkopo wako haukutozi. Lipa kinachokatwa, kilichobaki kifanyie kazi. Mimi sikulijua hili, nikapeleka akiba yangu yote ya miaka miwili kupunguza deni, na mwezi uliofuata mama akaugua nikiwa sina hata mia.

Ndugu zangu wa Kenya, kwenu hesabu ni nyingine. HELB, bodi yenu ya mikopo, inatoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na asiyelipa anapigwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi. Hapo kuchelewa kunauma. Ukikosa kazi baada ya muda wa neema, wasiliana nao mapema mpange, kabla faini hazijaanza kurundikana.

Tulimaliza saa tano usiku, chai imepoa. Kijana alimpigia baba yake asubuhi akamsomea ukurasa mzima, namba kwa namba, na kaka yangu akamwambia arudie ile ya miezi 24. Chaguo la kwanza kaandika ualimu wa hisabati na fizikia, la pili takwimu. Hisabati tupu kaiweka ya tatu, na aliiandika taratibu, nadhani bado anaipenda. Jumatatu mwenyekiti wa mtaa aligonga muhuri kwenye karatasi zake za mkopo.